Sahani za Mzee Chilongola

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Hezekia Chilongola, mhudumu wa wodi ya watoto, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote hapa hapa Mikumi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu kati ya wauguzi waliobaki, mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Aliponiona nimeshika kalamu alinionya: "Raheli, usije ukaandika kwamba sikuchoka. Nimechoka." Basi naanza na hilo. Mzee wetu amechoka.

Alizaliwa milima ya Ukaguru, akasoma shule ya misheni, akaajiriwa angali kijana. Kazi yake tunaijua: kubadili mashuka, kupiga deki, kumshika mtoto anayewekewa dripu, kubeba maji siku bomba likikauka, kumlisha asiyetaka kula. Hospitali yetu iko kando ya barabara kuu, kwa hiyo ajali haziishi, na zikipungua ajali huja homa. Wengi tulioanza nao walihama. Yeye aliomba uhamisho wa Kilosa mara mbili, maana huko ndiko alikojenga na ndiko anakoishi mkewe, Mama Elia. Mara zote mbili aliambiwa asubiri. Akasubiri, akazoea kwenda kwake mwisho wa mwezi.

Wageni wa wodi yetu walimjua kwa sahani zake, na mambo yalianza hivi. Mwaka mmoja, akiwa likizo kijijini kwao, alikuta nyumba ya zamani ya wamisionari inakarabatiwa, na vyombo chakavu vimetolewa nje vitupwe. Akaomba sahani moja ya bati iliyokuwa na picha katikati: simba amenaswa wavuni, panya anatafuna kamba. Akaja nayo kazini iwe ya kulia wali wake. Wiki hiyo tulikuwa na binti mdogo kutoka Kidodi, Lightness, aliyemwagikiwa chai ya moto. Mtoto alikuwa amekataa chakula cha kila mtu, hata cha mama yake. Hezekia akamtilia uji mzito kwenye sahani ile, ukafunika picha yote isipokuwa mkia wa simba.

"Chini kuna nini?" Lightness akauliza.

"Umalize, ndipo tutajua," Hezekia akajibu.

Akala. Alipomfikia panya akataka aelezwe anafanya nini pale. Hezekia akamsimulia, na kesho yake ikabidi asimulie tena, maana vitanda vya jirani navyo vilikuwa vinasikiliza.

Tangu hapo likizo zake zikawa za kuzunguka kwa wauza vyombo vikuukuu, Kilosa, Kidete, Kidodi. Alipata kikombe cha sungura na kobe, sinia la mbweha aliyezikosa zabibu, na kopo la biskuti lenye chura anayejivimbisha awe mkubwa kama ng'ombe. Joha, mama anayeuza mitumba sokoni Kilosa, alimtafutia kadi ndogo za kizamani, za enzi zile pakiti ya majani ya chai ilipokuwa ikija na kadi ya picha ndani. Kadi hizo alizipenda kuliko vyote. Alizipanga kwenye albamu ya harusi yake, na picha za harusi zikahamia kwenye bahasha.

Mama Elia hakufurahi. Nyumba ya Kilosa ilikuwa bado haijaezekwa upande mmoja. "Baba Elia," alimwambia mbele yangu nilipowatembelea, "wenzako wakirudi wanaleta bati la kuezekea. Wewe unaleta bati la kulia."

Miaka ikapita, sahani zikabanduka rangi, zikashika kutu. Sista Letisia, muuguzi mfawidhi wetu, alimwita akamweleza kwa upole kwamba wagonjwa hawawezi kulishwa tena kwa vyombo vile. Alikuwa na haki. Hezekia akasema, "Sawa, Sista," akavifunga kwenye boksi, akavipeleka Kilosa. Nilimwona siku zilizofuata akilisha watoto kwa sahani za plastiki za bluu. Hakulalamika, ila hadithi zake zilipungua.

Halafu ikaja masika ya mwaka jana. Mto Mkondoa, unaopita Kilosa, ulivunja kingo mchana, barabara ikakatika, na simu ya Mama Elia ikawa haipatikani. Hezekia aliendelea na zamu kwa sababu hakukuwa na njia ya kwenda. Alikuwa anakoroga uji huku simu iko mfuko wa shati, na kila ilipolia wodi nzima ilinyamaza.

Barabara ilipopitika alikwenda. Nyumbani alikuta ukuta mmoja na tope. Akamkuta mkewe kwenye shule walikohifadhiwa watu, amekaa juu ya furushi la kitenge. Hezekia akadhani ni nguo.

"Nguo zimekwenda," Mama Elia akamwambia. "Na zile kadi sikuziwahi. Nimebeba hizi."

Alipofungua furushi akaziona sahani zake.

"Kwa nini usibebe vitu vyako?"

"Nilijua ukija hutakuta nyumba. Nikasema basi, akute angalau kitu chake."

Hezekia alinisimulia haya tukiwa tunatandika vitanda. "Miaka yote, Raheli," alisema, "nilidhani anavichukia." Kisha akaketi kwenye kitanda tulichokuwa tumekwisha kukitandika, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya.

Hajanunua tena hata kijiko. Anasema amechoka kutafuta. Wamejenga vyumba viwili mahali pa juu zaidi, na huko wanakula kwenye vyombo vile vile. Mama Elia ndiye anayechagua chombo cha siku hiyo, kiwe cha chura au cha mbweha.

Mzee Chilongola, uongozi na watumishi wote wanakushukuru, na wazazi ambao majina yao hatukuyashika wanakushukuru. Umetuomba tusikupigie simu mwezi mzima. Tumekubali, ingawa wodi imejaa na wa kukurithi hajapatikana. Nenda nyumbani, Baba Elia. Tunakutakia asubuhi nyingi za kuchelewa kuamka, na mke wako karibu.