Michoro Minne ya Mama Loveness

Kijiwe chetu cha Kalangalala kina benchi moja na muuza kahawa mmoja, Vaileth, Mama Loveness. Jana hakuja. Alikwenda Shinyanga kufanya mtihani wa kuingia chuo cha upimaji ardhi. Mara ya tatu hiyo, na ameapa ni ya mwisho. Leo asubuhi amerudi na uso wa msibani. Kuna swali linamtesa: mchoro upite mara moja tu kwenye kila x bila kukatika popote, na y mara y iwe sawa na x mara x. Je, michoro ya namna hiyo iko mingapi? Yeye aliandika minne. Kwenye basi wenzake wote wakasema miwili, na kwa hofu akasahau hiyo minne aliipataje. Ametuchorea kwenye boksi mistari miwili iliyopishana, kama herufi X.

Profesa, bodaboda wetu mwenye miwani, ndiye aliyeanza.

— Miwili. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse nne!

— Mmoja tu, akasema Waziri, fundi viatu. Msahihishaji mmoja, kalamu nyekundu moja.

— Basi haina hesabu! akasema Profesa. Unaruka juu, unaruka chini, popote. Elimu haina mwisho.

— Ukiruka umeukata, Profesa, akasema Vaileth. Wamesema usikatike.

— Mama Loveness, hao wa kwenye basi wametumwa, akasema Waziri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Vaileth hakucheka. Ndipo mzee Ngassa, aliyechimba dhahabu miaka thelathini, akaweka kikombe chini.

— Mayu, mama yangu, hiyo mistari inakutana wapi?

— Hapa katikati tu, kwenye sifuri.

— Nikitoka kushoto nikafika hapo, nani kanilazimisha ninyooke?

Vaileth akamtazama. Akaokota kipande cha mkaa.

— Kushoto naanzia juu au chini. Nikifika katikati, nanyooka au nakata kona. Unaopanda. Unaoshuka. Huu kama V. Na huu V iliyopinduliwa... Minne! Wenzangu walinyooka tu!

— Si nilisema? Profesa akadakia.

— Wewe ulisema haina hesabu!

— Na nne si imo humohumo?

Vaileth akaketi katikati yetu, kanga usoni, akicheka na kulia. Toka Shinyanga chakula kilikuwa hakipiti, akasema. Sasa ana njaa. Waziri akamkatia nusu ya chapati yake.

Kijana mmoja mgeni akasimamisha pikipiki.

— Shikamooni. Muuza kahawa ni nani hapa?

Tukatazamana. Vaileth alikuwa anatafuna, macho kwenye boksi.

— Leo hayupo, akasema Waziri. Huyu ni mpima ardhi.