Kumuaga Bi Saleha, Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule, Maalim Sele wa chuo cha Kurani cha hapa jirani, Mchungaji, walimu wenzangu, wazazi wangu wa Moa, na nyinyi wanangu mliokaa mchangani hapa mbele mkijifanya mmetulia: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wazee wote shikamooni.

Tumekusanyika kumuaga Mwalimu Saleha Mwinyijuma, ambaye sisi sote twamwita Bi Saleha. Amefundisha miaka thelathini na mitano, na ishirini na saba kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba kimoja, kile cha pembeni, cha darasa la kwanza. Amenionya nisizidishe dakika kumi, kwa sababu pilau inapoa na watoto hawavumilii. Mimi ni Mwalimu Mkuu wake, lakini mnajua nani humtii nani katika shule hii.

Wiki hii amenijia ofisini mara tatu. Mnadhani alikuja kuuliza zawadi yake ni kitenge au kochi? Aliuliza swali moja tu: "Nani anashika darasa langu? Nipe jina, Mwalimu Ruthi, nilale usingizi." Mara zote tatu nimemzungusha. Darasa lenyewe mnalijua: watoto themanini na wawili, nusu hawajui kushika penseli, na kila baada ya dakika tano kuna anayetaka kwenda chooni na wenzake wanne wa kumsindikiza. Ukimpangia mwalimu darasa la kwanza, anakuuliza amekukosea nini. Basi leo Bi Saleha atapata jibu lake, ila kwanza kuna jambo nataka mlisikie kwa kinywa changu.

Miaka sita iliyopita nilihamia hapa kutoka Maramba, nikiwa Mwalimu Mkuu mpya, na kiburi changu kimepigwa pasi. Nilimkuta Bi Saleha yuko likizo ya ugonjwa, amevunjika mguu. Hakuna mwalimu aliyetaka kumshikia darasa, nikasema nitalishika mwenyewe. Na ndugu zangu, watoto wale walinishangaza! Nikiwasomea ukurasa mara tatu, mara ya nne wanausoma wote kwa sauti moja, bila kukwama. Miezi minne tukamaliza kitabu. Nikajiona mwalimu ambaye Tanga nzima haijapata kumwona. Nikatangaza siku ya wazazi, waje wasikie watoto wakisoma.

Siku mbili kabla, Bi Saleha akarudi na mkongojo wake. Akakaa na watoto asubuhi moja tu, kisha akaja ofisini, akafunga mlango. "Mwalimu, watoto hawa hawasomi. Wamehifadhi. Ahirisha shughuli."

Nilimwambia nini? Namwomba radhi mbele yenu, nilimwambia wivu si mzuri kwa mtu wa umri wake.

Siku ikafika. Akasimama Rama, mjukuu wa Mzee Luqmani, miaka saba, kanzu nyeupe, kitabu mkononi. Akaanza kusoma, sauti kama kengele. Upepo ukaja ukafunua kurasa tatu kwa mpigo, na Rama, macho kwenye kitabu, akaendelea na ukurasa ule ule wa mwanzo mpaka mwisho, hakukosa hata neno. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wawili tu hawakupiga: Bi Saleha na Maalim Sele.

Maalim alinifuata baadaye, kwa upole wake huo huo mnaoujua. "Mwalimu, watoto hawa nawafundisha kuhifadhi tangu wana miaka minne. Ukiwasomea mara tatu, wanalo. Mimi nikitaka kumjua mtoto, namshika katikati ya sura, aanzie hapo. Wewe umewashika wapi?"

Sikuwa nimewashika popote. Mimi mtoto wa mashamba ya mkonge, mtoto wa Kilutheri, sikujua kwamba watoto wa pwani huja shuleni na kipaji hicho tayari, na mwalimu mvivu wa kuuliza anaweza kukigeuza pazia la kujifichia. Jumatatu tukawapima kwa sentensi ambazo hawajawahi kuziona. Kati ya watoto sabini na tisa, waliosoma ni kumi na mmoja.

Nikamsihi Bi Saleha tusiwaambie wazazi. Alikataa katakata. Akasema watoto wale wakivuka hivyo kuingia darasa la pili, hakuna atakayerudi nyuma kuwafundisha herufi, nao watafika la saba wakiwa vipofu wenye macho. Akaitisha kikao. Mzee Luqmani, upo hapa, nisamehe nikikutaja. Ulisimama kwa hasira: "Mjukuu wangu asoma juzuu nzima, nanyi mwatwambia hajui kusoma?"

Bi Saleha akakujibu, "Shikamoo baba. Kuhifadhi kwake ni neema, wallahi sikugusi hapo. Lakini siku atakayopewa karatasi ya dawa zahanati, maneno yake hayatakuwa kichwani mwake. Yatakuwa kwenye karatasi."

Mama mmoja akauliza: basi nani kawafundisha hivi? Mimi nilikaa kimya, naangalia viatu vyangu. Bi Saleha akasema, "Tumekosea sisi walimu. Tutarekebisha." Sisi! Yeye aliyekuwa kitandani mguu ukiwa kwenye plasta! Na najua, maana maneno hunifikia, kwamba wapo miongoni mwenu ambao, kwa kuwa darasa huitwa lake, mpaka leo wanasema Bi Saleha ndiye aliyewaharibu watoto wa mwaka ule, na yeye hajafungua mdomo kujitetea.

Alichofanya baadaye mlikiona, pengine bila kujua mnachokiona. Aliweka kitabu kabatini kwa muda. Akawaambia watoto walete maneno kutoka nyumbani, na kweli wakaleta: karatasi ya sabuni, mfuko wa unga, kibandiko cha bodaboda ya baba. Imla iliandikwa mchangani kwa kidole, kila mtoto neno lake, asimwige jirani. Umoja na wingi walijifunza kwa vitu halisi: huyu kaleta kifuu, darasa linatafuta vifuu, huyu kaja na ufunguo wa kabati la mama yake, darasa linatafuta funguo, na mama akaja mbio kuufuata wake. Akisomesha sentensi, aliikata vipande, akavichanganya, akamshika mtoto katikati, kama alivyoshauri Maalim. Mimi nilikaa dawati la nyuma, magoti yamenifika kidevuni, najifunza. Mwisho wa mwaka, watoto sabini na wanne walisoma. Waliobaki watano alikaa nao likizo nzima.

Rama leo yuko darasa la saba, ndiye huyo anayenifichia uso kwa aibu. Babu yake ameniambia sasa hanunui dawa mpaka mjukuu amsomee karatasi yake.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Wazazi wangu, mwalimu aliyekosea mwaka ule alikuwa mmoja tu, na si Saleha Mwinyijuma. Nilikuwa mimi, Ruthi. Nimebeba ukimya huo miaka sita, na kila aliponisalimia asubuhi kwa uso mkunjufu uliniuma zaidi. Bi Saleha, jina lako ni safi, na ninalisema mbele ya Diwani, mbele ya Maalim na Mchungaji, na mbele ya kila aliyewahi kukusema.

Na darasa lako? Walimu, pumueni, sikumpangia yeyote kati yenu. Bi Saleha, uliniomba jina. Jina ni Ruthi. Jumatatu naingia chumba cha pembeni, kazi ya ofisi nitaigawana na msaidizi wangu, na safari hii kila mtoto nitamshika katikati. Naogopa, sitaficha. Lakini nenda nyumbani mama, ukalale.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na subira yenu. Asanteni sana.