Asheri na Kazi Zilizosubiriana

Waombolezaji wenzetu, Bwana asifiwe, mimi ni Loth, kaka wa marehemu, na nitasoma polepole kadiri Mungu atakavyonisaidia.

Asheri Fanueli Mchome alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Mbaga, mtoto wa mwisho wa mzee Fanueli, mgawa maji wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Alisoma shule ya msingi hapahapa tangu 1996 hadi 2002, kisha sekondari Same mjini, na mwaka 2013 alihitimu chuo kikuu Dar es Salaam katika masomo ya kompyuta, akaajiriwa na kampuni ya programu jijini Arusha. Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa takatifu na Victoria, wakajaliwa mtoto mmoja, Bahati.

Januari 2024 alikabidhiwa kazi ya kuihamishia kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, ya aina mpya maktaba ya nyuzi, yaani programu inayowezesha kazi nyingi za kompyuta kwenda pamoja kwa kupeana zamu. Hatukuelewa, akatueleza kwa ndiva, kwamba kwenye prosesa hiyo kazi mbili zilikuwa zinasubiriana, kila moja ikingoja mwenzake afungulie maji, na mashamba yote yanakauka, naye baba akamtania kwamba kumbe amesomeshwa miaka yote ile aje kuwa mgawa maji.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, akalazwa Moshi, na mikono ilipoanza kuishiwa nguvu aliwasha jaribio la mwisho la programu ile, akaniwekea kompyuta mapajani, akasema, "Kaka, ikiandika 'imepita', niamshe."

Nilikaa nikiitazama huku naomba, nisijue hata kitufe cha kugusa, mpaka mchana wa tarehe 9 Juni Bwana alipomwita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na maji, usharika, na wafanyakazi wenzake wakiongozwa na dada Sabrina, ambaye jana aliitazama ile kompyuta sebuleni kwetu kwa muda mrefu, akasema naye hajui inasubiri nini, basi tumeiacha inawaka.

Asheri, mdogo wangu, sikukuamsha kwa sababu haikuandika. Pumzika kwa amani.