Mke wa Ibrahimu Niliyemruka

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Naitwa Mama Zaituni, naishi kambini Makindye. Mume wangu Juma ni koplo, tena ni Mwislamu, na wengi wenu mnalijua hilo. Leo nataka kumshukuru Mungu kwa kunifungua masikio.

Mimi na Juma tuliishi vizuri mpaka Zaituni wetu alipofika umri wa kusoma dini. Juma alitaka Jumamosi aende madrasa. Mimi nilitaka Jumamosi hiyohiyo aje hapa Kansanga kufanya mazoezi ya kwaya. Tukagombana, halafu tukanyamaziana, na kunyamaziana ni kubaya kuliko ugomvi. Chakula nilimwekea mezani kama ninavyomwekea mgeni nisiyempenda.

Ndugu zangu, tangu hapo kila mahubiri yalikuwa ya Juma. Pasta akisema Farao alikuwa na moyo mgumu, mimi namwona Juma. Akihubiri kusamehe, nasema sawa, basi aje aniombe msamaha. Hata siku ya nzige wa Misri nilimtafutia Juma nafasi, na nikaipata! Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilisikia dawa ya mgonjwa mwingine tu.

Halafu ikaja Jumapili ile ya Ibrahimu. Pasta alifundisha jinsi Mungu alivyomwita atoke kwao, aiache nyumba ya baba yake. Nilisema amina mpaka dada aliyekaa mbele yangu akageuka. Nilijua Mungu ameniambia nimwache Juma. Nilirudi nyumbani nikafunga nguo zangu na za watoto kwenye begi, nikalisukuma chini ya kitanda. Jumanne tungepanda basi twende Gulu kwa dada yangu. Juma sikumwambia kitu.

Sasa mnajua desturi ya kikundi chetu cha kina mama. Kwa kuwa kila mmoja ana lugha ya kwao, Jumapili jioni tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, na kila mtu anasimulia kwa Kiswahili alichosikia kanisani. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Nyumba za kambini mnazijua, chumba kimoja na pazia katikati. Juma alikuwa upande wa pili wa pazia, anapiga pasi yunifomu yake.

Mama Wanjiru, yule Mkenya mwenye duka hapa Kansanga, alisema Mungu amemwambia ahamishe duka Nakawa, maana mwenye nyumba wake anamsumbua. Dada Apio wa polisi alisema Mungu amekubali aombe uhamisho, maana mkubwa wake hampendi. Nikafika mimi. Nikapaza sauti makusudi ili ivuke pazia. Nikasema Mungu anamwita mtu atoke katika nyumba ya wasiomjua.

Pasi ikatulia. Juma akafungua pazia, akawasalimu wageni kwa heshima, akauliza, "Nyinyi leo mlihubiriwa na pasta ngapi?"

Mama Wanjiru akaangua kicheko. Juma hakucheka. Alinitazama mimi.

"Hata sisi tunamjua Ibrahimu. Wakati alitoka kwao, bibi yake aliacha wapi?"

Nilikasirika. Nikachukua Biblia ili nimnyamazishe. Nikafungua, na Sara alikuwa pale, ameandikwa kwa jina. Ibrahimu alitoka naye. Dada Apio akaniambia polepole kwamba asubuhi pasta alisoma mstari huo mara mbili, tena alikaa kwa Sara muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili. Ndugu zangu, sikulisikia hata neno moja! Niliogopa. Nilijiuliza ni mangapi mengine nimeyaruka, na ni nani nimekuwa nikimwitikia amina.

Wageni walipoondoka nilipiga magoti, nikamwomba Mungu anisemeshe mimi kwanza. Kisha nikamwambia Juma habari za begi. Akasema alishaliona. Alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Nililia sana, naye akalivuta akaanza kutoa nguo za watoto.

Sikuja kuwaambia kwamba Juma ameokoka. Hajaokoka, na bado namwombea. Habari ya Zaituni bado tunaibishania, lakini sasa tunabishana tukila pamoja, na hilo kwangu ni muujiza.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa kutoka kwangu mwenyewe. Na wewe uliyekaa hapa leo, mtegemee, anasema na kila mtu. Lakini ukisikia neno linalomhusu mwenzako, kabla hujaondoka nalo, nenda ukalisome mbele yake, naye akiwa na Biblia mkononi. Kama limetoka kwa Mungu, halitaogopa kuulizwa swali.