Waliniambia Nimechelewa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe hata na sisi tulioambiwa tumechelewa!

Naitwa Felista. Mnaniona hapa kila Jumapili kwenye kwaya. Kazi yangu ni kufua nguo katika nyumba za wageni kule Diani. Wazazi wangu walitoka Msumbiji wakaja kukata mkonge, wakanizaa Mwabungo, na huko ndiko nilikokulia. Lakini kitambulisho sikuwa nacho. Nikiona askari wamesimamisha magari, nashuka kwenye tuktuk, napita vichakani. Mtu mzima, najificha kama mwizi katika kijiji nilichozaliwa!

Niliomba uraia. Wakanikatalia, wakisema hakuna uthibitisho kwamba nimeishi hapa tangu utotoni. Nilikuwa na nafasi ya kuomba uamuzi ule uangaliwe upya, lakini siku zile mama yangu alikuwa amelazwa Msambweni, amepooza upande mmoja, na hakuwa na mtu mwingine wa kumlisha. Nilimuuguza mpaka nikamzika. Nilipokwenda ofisini, karani akaniambia kwa upole kwamba muda umepita.

Nikarudi kwenye kufua kwangu. Kilichonivunja moyo, ndugu zangu, ni binti yangu Neema. Alipata nafasi ya kusomea uuguzi, akatakiwa kitambulisho, na chake kilitegemea changu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, nitangoja," akavuta beseni akanisaidia kufua. Siku ile nilimwambia Mungu: mimi nimezoea, lakini huyu mtoto?

Jibu la Mungu lilikuja limevaa buibui! Bi Mwanakombo, jirani yetu wa zamani, alikuwa kwa mwanawe Tanga wakati wa msiba. Aliporudi akaja kunipa pole. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Akasema:

"Felista, mamako alipokuzaa alishikwa na homa, maziwa yakamkatika. Ulinyonya ziwa langu, wewe na Juma wangu. Katika dini yetu wewe ni mwanangu. Nani huyo asemaye hujulikani hapa?"

Mama hakuwahi kunieleza. Nililia kama aliyezaliwa upya.

Tulikwenda pamoja ofisini, nami nikachukua karatasi za hospitali kueleza sababu ya kuchelewa. Afisa alitusikiliza. Alisema ombi lililochelewa laweza kupokewa likiwa na sababu ya haki, ila hakuahidi kitu. Akamuuliza Bi Mwanakombo kama yuko tayari kuapa. Akajibu kwamba yuko tayari, na Juma naye yuko nje anangoja zamu yake.

Tukangoja miezi. Niliomba, nikakata tamaa, nikaomba tena. Kisha nikapigiwa simu: uamuzi umebadilishwa! Nilikula kiapo cha uraia Bi Mwanakombo akiwa ameketi nyuma yangu, akisema "Alhamdulillahi", nami nikisema "Haleluya".

Leo ninacho kitambulisho. Cha Neema kingali kinashughulikiwa, na chuo kimekubali kumngoja.

Namshukuru Yesu, na namshukuru mama yangu wa pili. Ndugu zangu, najua wamo humu wengine waliopewa jibu kama langu, wakakaa kimya. Mtumainini Mungu, tena inukeni mkaulize. Jumatatu asubuhi narudi ofisini kwa ajili ya Neema. Anayeogopa kwenda peke yake, aje tufuatane.