Kikombe Kilichotoka Mkononi mwa Majok

Bwana asifiwe, kanisa la Junju! Asifiwe tena, maana naona wengine bado mmelala.

Mimi ni Gatluak, mkwe wa Mama Kadzo anayeketi pale mbele. Kiswahili hiki amenifundisha yeye; kikiwa na makosa, mwulizeni yeye. Nilizaliwa Sudan Kusini, Mnuer kwa kabila. Mistari hii sita ya paji la uso nilichanjwa nikiwa kijana, na siku ile nilijiona mwanamume kamili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati yetu na Wadinka vilipoanza, mistari hiyohiyo ikawa kitambulisho. Mtu hakuulizwa chochote, alitazamwa uso tu. Kaka yangu alitazamwa na Wadinka wenye bunduki, wakampiga risasi njiani. Sisi nasi, ndugu zangu, tulizitazama nyuso zao hivyohivyo.

Kwetu, kwa Wanuer na kwa Wadinka pia, watu waliomwagiana damu hawali wala hawanywi katika chombo kimoja. Ukivunja mwiko huo, unakufa. Nilikuja Kilifi, nikaokoka, nikaoa, na mwiko huo nikabaki nao.

Mwaka jana, Jumapili ya Meza ya Bwana, mgeni aliketi kando yangu. Akanywa, akanipa kikombe. Nikaona alama za paji lake: Mdinka. Mkono wangu ulikataa kukiinua! Nikampa mke wangu kikombe bila kunywa, nikatoka nje. Nanyi mkadhani nina dhambi ya siri.

Mama Kadzo akaniuliza, "Mwanangu, kwani yule ana maradhi?"

"Hana, mama. Ana damu ya kaka yangu mikononi."

Jioni mgeni huyo, Majok, akaja nyumbani. Sikumkaribisha kiti. Akasema akiwa amesimama, "Mwezi uliopita niliketi nyuma yako, nikanywa baada yako. Mistari yako nilikuwa nimeiona. Baba yangu aliuawa na watu wenye mistari hiyo. Nilirudi chumbani nikangoja kufa siku tatu. Sikufa, ndiyo maana leo nimeketi kando yako."

Ndugu zangu, nililia! Mama Kadzo alichota maji kwa kata, akampa Majok. Majok akanywa, akanipa. Niliogopa sana, nikanywa.

Namshukuru Mungu, mimi ni mzima. Kaka yangu hajarudi, na bado namlilia. Lakini sitafuti tena uso wa kulipizia kisasi. Wewe uliyeketi hapa ukimkwepa mtu kwa sababu ya kabila lake, mwamini Yesu. Meza imeandaliwa. Nenda ukakae kando yake.