Risala ya Wakunja Mashuka Kuhusu Kurasa Themanini na Saba Zilizobaki

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Huduma za Hospitali, Daktari Mkuu wetu, Matroni, wakuu wa vitengo, mafundi mliokuja kutufungia mashine, na wenzetu wa jikoni mliokuja kwa sababu mmesikia kuna soda:

MAKARIBISHO

Sisi wakunja mashuka wa chumba cha kufulia, kumi na mmoja kwa idadi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Imekauka kwa sabuni, lakini ni misafi kuliko mingi utakayoishika leo. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kushuka ngazi hizi. Wageni huishia wodini, wakasifu weupe wa mashuka, wakaondoka wakidhani yanajikunja yenyewe.

Umekuja kuzindua mashine ya kukunjia, nayo itaanza kazi Jumatatu. Tunashukuru, na mabega yetu yanashukuru zaidi. Ila ndani ya shukrani hii kuna jambo la mwenzetu mmoja, na tumekubaliana tusilifiche chini ya foronya.

HISTORIA YETU

Shuka la kitanda hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine mbili kule. Mnavuta, mnakung'uta, mnakutana, unamkabidhi pembe zako, unarudi nyuma na mkunjo mpya. Kwa shuka moja mnakutana mara tatu. Sasa mtu unayemkaribia hivyo kutwa nzima utamwambia nini? Habari za nyumbani huisha kabla ya saa tatu. Za majirani hazifiki hata chai.

Ndipo Bibi Pindo, aliyetutangulia sote, mwenye miaka thelathini na mmoja kazini hapa, alipoanza kumsimulia mwenzake kitabu alichokuwa anakisoma. Sentensi moja kila wanapokutana. Haukupita mwezi kila jozi ilikuwa na kitabu chake, na asubuhi tukaacha kuulizana habari, tukawa tunaulizana, "Umefika wapi?"

Tukajiwekea sheria moja. Mtu anapendekeza kitabu akiwa bado yuko ndani yake. Akishakimaliza, anyamaze. Aliyemaliza kitabu huwa mjuaji, anaanza kutufundisha maana yake. Aliye katikati hajui kitu, ana hamu na wasiwasi tu, na hivyo ndivyo vinavyoambukiza.

Ungetuona saa nane mchana, mgeni rasmi. Jua linaingia kwa madirisha ya juu, mvuke unapanda, mashuka yanainuka na kushuka taratibu, na kila mtu yuko mahali pengine kabisa. Huyu yumo kwenye nyumba yenye milango kumi na miwili. Yule yumo kwenye treni na mzee aliyesahau jina lake. Siku nyingine hatujui tena kipi tulikisoma na kipi tulikikunja. Dada wa pasi aliota bustani wiki nzima, akawa anaamka anamtafuta mtunza bustani, na kitabu chenyewe hajawahi hata kukigusa.

MAFANIKIO

Tunalo fanikio moja ambalo kwenye faili letu limeandikwa kama kosa. Ni haki ulisikie kwetu.

Mtu akienda likizo humwachia mwenzake kipande cha boksi la sabuni chenye maelezo ya alipofikia. Kipande kimoja kiliingia ndani ya foronya, kikapanda wodi ya wanaume. Kilikuwa kimeandikwa: "Usimwamini mjomba. Anajua ufunguo uliko."

Mgonjwa aliyelalia mto ule alikuwa na mjomba wake anayemletea uji kila asubuhi. Akagoma uji siku mbili. Akamwagiza mkewe abadilishe kitasa. Mjomba wa watu akakaa kwenye korido na chupa yake ya uji, analia.

Tulipanda wawili, vichwa chini, kuomba radhi. Mgonjwa akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyo mjomba wa kitabuni, ufunguo aliuchukua?"

Tukamjibu kwamba hatujui, tuko ukurasa wa arobaini. Tulipewa barua ya onyo, na tuliistahili. Lakini tangu siku hiyo wodi ile hutuma mtu kuuliza tunasoma nini, na mjomba yule sasa ana zamu ya kuwasomea wagonjwa watatu. Uji wake nao unanywewa.

CHANGAMOTO

Miaka mitatu iliyopita herufi zilianza kumtoroka Bibi Pindo. Madaktari wa hapa hapa walifanya walichoweza, tunawashukuru, lakini macho hayakurudi. Kazi haikumshinda. Vidole vyake vinalijua pindo kuliko macho yetu, na shuka lake ukilipima kwa rula utaaibika wewe. Kilichomshinda ni kitabu.

Akapangwa na Shemeji. Tunamwita hivyo kwa sababu alimwoa mdogo wake dada wa pasi, nasi tukaona undugu huo tugawane. Shemeji alikuja hapa akisoma maandishi ya paketi za sabuni tu. Sasa kila asubuhi husoma kurasa nne kwenye benchi la nje, midomo ikicheza, kisha humpelekea Bibi shuka kwa shuka.

Kitabu chao cha sasa kinahusu mji ulioamka ukakuta mto wake umehama. Mwanamke mmoja anaufuata kwa miguu, akauombe urudi. Juzi tuliwasikia:

"Bibi, leo yule mama kafika darajani."

"Chini kuna maji?"

"Pakavu."

"Masikini. Haya, vuta."

Wako ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Zimebaki themanini na saba, na kwa sheria yetu hakuna anayechungulia mbele. Chumba kizima hatujui kama mto utakubali.

Barua iliyobandikwa mlangoni inasema kuwa kuanzia Jumatatu jozi zote zitavunjwa, na Bibi Pindo atapumzishwa. Neno ni zuri, "atapumzishwa." Bibi aliposomewa alipapasa meza, akauliza kama limebaki shuka lolote. Tuliumia, mgeni rasmi.

Shemeji alijitolea kumfuata nyumbani awe anamsomea. Bibi akamkatalia. "Mwanangu, nikikaa kwenye kiti unisomee, nitakuwa mgonjwa. Hapa nafanya kazi, na hadithi inanipitia mikononi."

MAOMBI

Hatuombi mashine irudishwe. Tumekisoma kijitabu chake cha maelekezo sote kumi na mmoja, yaani kumi tulisoma na mmoja alisimuliwa. Kilizunguka wiki nzima, kila mtu akimsifia mwenzake kabla hajakimaliza. Tulidhani kitachosha, kumbe kina mambo. Nasi tunakupendekezea hasa ukurasa wa tisa, panaposema kwamba shuka fupi kuliko mita moja lisiingizwe kwenye mashine, likunjwe kwa mkono. Fundi uliyekaa pale nyuma, tumekuona ukifunua, si ndivyo?

Hayo ni mashuka ya wodi ya watoto wachanga. Yanashuka hapa mia mbili kila siku, na barua ya mlangoni haikusema nani atayakunja.

Tunaomba yabakiziwe meza moja, ile ya dirishani, na wakae hapo Bibi Pindo na Shemeji.

Utasema shuka dogo hivyo linamtosha mtu mmoja. Ni kweli, na hatutakudanganya mbele ya Daktari Mkuu. Hapo ndipo hoja zetu zinapoishia, na kuanzia hapo tunaomba tu. Kwa shuka dogo watakutana mara mbili badala ya tatu, kwa hiyo hadithi itakwenda polepole. Bibi amesema yeye hana haraka. Na ukweli wote ni kwamba, baada ya kitabu hiki, kuna kingine.

HITIMISHO

Mungu akupe siha wewe na wa nyumbani kwako, akuzidishie busara, na kila utakapolala akutandikie shuka lisilo na kunyanzi.

Bibi Pindo amekaa mstari wa mbele, mwenye gauni la kijani. Alitukataza kusoma sehemu hii. Alisema wakubwa hawapendi kuombwa mbele za watu. Tumeisoma hata hivyo. Amekuelekea wewe, mgeni rasmi, lakini hakuoni. Basi kama jibu lako ni ndiyo, usiitikie kwa kichwa kama ilivyo kawaida ya mikutano. Tunakuomba uliseme kwa sauti.

Ni sisi,
Wakunja Mashuka,
Chumba cha Kufulia.